Marisau ya risasi au ya chuma: jibu kwa mwindaji wa bata aliyeko Minnesota

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mzaliwa wa Urambo, Tabora, sasa naishi Minnesota, Marekani. Mwaka jana mwenzangu wa kazini alinipeleka kuwinda bata, na msimu huu ameniazima bunduki ya zamani ya babu yake. Nilikuwa nimebakiza kasha la marisau ya risasi niliyotumia kwa fezanti (ndege wa mashambani wa jamii ya kuku), akakataa katakata nisipande nalo mtumbwini. Akasema hata likikutwa mfukoni ni kosa. Nikanunua ya chuma, nikajeruhi bata wawili ambao hatukuwapata. Marehemu baba aliwinda kanga na kwale kwa marisau ya risasi maisha yake yote, tukala sote na tuko salama. Je, hii sumu ni ya kweli, au ni siasa za Wazungu? Na kama chuma kinajeruhi bila kuua, si ndiyo ukatili zaidi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao bata wawili ndio walionigusa zaidi katika barua yako, na nitawapa nafasi kubwa. Ila siwezi kuwafikia kabla hatujaingia ndani ya firigisi.

Kwanza tuelewane maneno. Kiswahili kimeyapa madini na kile kinachotoka mtutuni jina moja, risasi, kwa kuwa kwa karne nyingi vilikuwa kitu kimoja. Humu nikisema risasi nina maana ya madini yenyewe, yale mazito ya kijivu yaliyomo pia kwenye betri ya gari. Zile punje za mviringo zinazojazwa kwenye ganda la shotigani nitaziita marisau, kama wazee walivyoziita.

Firigisi unaijua. Kwetu kuku akichinjwa hiyo ni ya baba mwenye nyumba, na yeyote aliyewahi kuipasua ameona changarawe ndani. Ndege hana meno. Anadokoa changarawe, anazitunza humo, na msuli ule mgumu unazitumia kusagia mbegu. Bata hufanya hivyo kwa kuchokora matope ya bwawa. Sasa chukua bwawa ambalo watu wamekaa maficho yaleyale miaka hamsini wakipiga bata. Ganda moja la gramu 35 za marisau ya risasi namba 4 lina punje 170 hivi. Bata akipigwa sawasawa amebeba tano au sita. Zilizobaki, zaidi ya 160, zimeingia majini, na ukimkosa zimeingia zote. Hapo chini zinakaa miaka mingi sana bila kumalizika. Bata anayekuja kutafuta changarawe au mbegu hana namna ya kuzitofautisha. Anameza.

Ikishafika kwenye firigisi, punje inasagwa na changarawe huku asidi ya tumbo ikiiyeyusha kidogo kidogo, na risasi inaingia kwenye damu, kisha kwenye ini, figo, mifupa na neva. Misuli inayosukuma chakula inapooza. Chakula kinarundikana njiani, na ndege anakufa kwa njaa akiwa na chakula ndani yake. Mabawa yanalegea na kuning'inia kama paa la nyumba, kinyesi kinageuka kijani, kifua kinakonda mpaka mfupa wake unakata kama kisu. Huchukua wiki mbili au tatu, na punje moja au mbili zinaweza kutosha kumfikisha huko.

Wawindaji wengi huniambia, "Mbona sijawahi kumwona bata wa namna hiyo?" Hawamwoni kwa sababu mgonjwa hujificha kwenye matete, na mbweha au tai humpata kabla ya binadamu. Aliyepigwa hewani anaanguka mbele ya macho yako na unamhesabu. Aliyemeza punje uliyoikosea miaka kumi iliyopita hufa peke yake katikati ya majani, na hakuna anayemwandika popote.

Habari hii haikuzuliwa juzi. George Bird Grinnell, aliyekuwa mwindaji mwenyewe na mhariri wa gazeti la wawindaji, aliandika juu ya bata waliokufa kwa sumu ya risasi mwaka 1894. Mwaka 1959 Frank Bellrose, mtafiti wa ndege wa jimbo la Illinois, alichapisha matokeo ya kuchunguza firigisi za bata kwa maelfu kutoka sehemu mbalimbali za Marekani. Alikadiria kwamba sumu hii iliua asilimia 2 hadi 3 ya bata wote kila mwaka. Asilimia hiyo isikuhadae. Ukiiweka juu ya makundi ya mamilioni yanayoshuka kutoka Kanada kila msimu wa majani kupukutika, unapata mizoga mingi kuliko inayobebwa na wawindaji wa majimbo kadhaa.

Je, siasa ilikuwepo? Ilikuwepo, tena kali. Baadhi ya majimbo na vyama vya wawindaji vilipinga miaka mingi. Kilichosukuma mambo ni tai mwenye kichwa cheupe, ndege wa nembo ya taifa lao. Tai huyo hula bata aliyejeruhiwa au aliyekufa, na punje zilizomo humwua yeye pia. Watetezi wa wanyamapori wakaenda mahakamani miaka ya 1980, serikali ikaanza kubadili eneo baada ya eneo, na kufikia 1991 marufuku ikawa ya nchi nzima kwa bata, bata bukini na jamaa zao wa majini. Kwa hiyo mwenzako amekueleza vizuri: ukiwa unawinda ndege wa majini, kosa ni kuwa na ganda la risasi hapo ulipo, hata kama hukulipiga. Miaka michache baadaye watafiti walipasua tena firigisi na kukadiria kwamba katika msimu mmoja tu, wa 1997, marufuku iliokoa bata wapatao milioni 1.4. Mimi naitazama hesabu hiyo kama jibu la swali lako la siasa. Siasa ndiyo iliyochelewesha dawa karibu miaka mia, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kweli tangu mwanzo.

Turudi kwa bata wako wawili.

Chuma ni chepesi kuliko risasi, hilo halina ubishi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11 na ushee, ya chuma haifiki 8. Punje ya chuma yenye ukubwa uleule inabeba uzito pungufu kwa takriban asilimia 30, inapoteza kasi mapema hewani, na ikifika mbali haina nguvu ya kupenya manyoya na nyama mpaka kwenye moyo na mapafu. Nadhani hapo ndipo ulipokwama. Ulinunua ya chuma kwa namba ileile uliyozoea, ukapiga kwa umbali uleule uliozoea. Chuma hakikubali hivyo.

Dawa ya kwanza ni kupanda ukubwa. Namba za marisau zinakwenda kinyume: namba ikipungua, punje inakuwa kubwa. Kanuni ya wawindaji ni kupanda ngazi mbili, kwamba uliyezoea risasi namba 4 uchukue chuma namba 2. Ukipima, punje ya chuma namba 2 ina kipenyo cha milimita 3.8 na uzito unaokaribiana sana na risasi namba 4 yenye milimita 3.3. Tena hupotezi punje nyingi kama watu wanavyohofia: gramu 35 za chuma namba 2 zina punje zaidi ya 150, dhidi ya zile 170 za risasi namba 4. Kwa bata bukini nenda kubwa zaidi.

Dawa ya pili, na kwangu ndiyo kuu, ni umbali. Weka kikomo cha mita 35 na ukiheshimu kama sheria ya nyumbani. Macho hudanganya sana juu ya maji, hasa alfajiri, kwa hiyo usiyategemee. Pima kwa kamba au kwa hatua siku moja kabla, kisha, katika wale bata wa bandia mnaowaelesha kuvutia bata wa kweli, weka wa mwisho kwenye mita 30 kutoka mafichoni. Bata wa kweli akiwa ng'ambo ya huyo, mwache apite. Najua inauma kumwacha bata mzuri apite baada ya kuamka saa tisa usiku na kukaa kwenye baridi ya Minnesota. Mwache.

Jambo la tatu hulitambui mpaka ulipige kwenye karatasi. Risasi ni laini. Punje zake zinabonyea zikiwa bado mtutuni, zinatoka zikiwa na umbo la kombo na kutawanyika. Chuma hakibonyei, kinabaki duara, hivyo punje zinakwenda zikiwa zimekusanyika zaidi. Faida yake ni kwamba ukilenga sawasawa, bata anapata punje za kutosha. Hasara yake ni kwamba ukikosea kidogo, pembeni hakuna za kukuokoa, au kuna mbili tatu zinazojeruhi tu. Chukua karatasi pana, chora duara la sentimita 76, ipige kutoka mita 30, kisha utafute mianya ambamo mwili wa bata ungepita salama. Rudia kwa maganda ya viwanda tofauti. Saa moja ya kazi hiyo kabla ya msimu ingeweza kuwaokoa wale wawili.

Na je, chuma kinajeruhi zaidi? Mwaka 2008 na 2009, huko Texas, kulifanyika jaribio ninalolipenda kwa uaminifu wake. Wawindaji walipewa maganda ya risasi na ya chuma kupiga tetere, bila mpigaji wala mwangalizi kujua lipi ni lipi. Matokeo hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya madini hayo mawili, si katika kuua, si katika kujeruhi, si katika kukosa. Kwa bata wa Marekani, majeruhi waliripotiwa kuongezeka kidogo watu walipokuwa bado wanajifunza chuma, kisha wakapungua hata kuliko enzi za risasi. Denmark nao walianza mwaka 1997 mpango wa kuwahimiza wawindaji wapige karibu zaidi, na bata bukini wanaotembea na punje mwilini wakapungua. Anayeamua kama bata atajeruhiwa ni umbali na mkono wa mpigaji kuliko madini yaliyomo kwenye ganda.

Akianguka majini akiwa bado ameinua kichwa, mpige tena papo hapo. Wazoefu huweka mfukoni maganda machache ya chuma namba 6 kwa kazi hiyo tu, kwa kuwa punje ndogo nyingi ndizo zinazofaa kichwa na shingo. Usimpige wa pili kabla hujamtia mkononi wa kwanza. Na kama mwenzako ana mbwa wa kuokota, usiende bila mbwa huyo.

Sasa hiyo bunduki ya babu. Hapa nakuomba uwe mwangalifu, maana huenda umeshaipigia chuma. Chuma hakifinyiki pale mdomo wa mtutu unapobana, ile sehemu inayoitwa choki. Mitutu mingi ya zamani ina choki ya kudumu iliyobana kabisa, na marisau makubwa ya chuma yakipita hapo kwa nguvu yanaweza kuuvimbisha au kuupasua. Mpelekee fundi wa bunduki apime choki, unene wa ukuta wa mtutu na urefu wa chemba, pale ganda linapokaa. Chemba ya milimita 70 haipokei ganda la milimita 76, hata kama linaonekana kuingia bila shida. Fundi akisema mtutu haufai kwa chuma, tumia bismathi. Ni madini laini yanayokaribia risasi kwa uzito na kwa tabia, na yanaruhusiwa kwa bata. Bei yake ni kubwa, mara kadhaa ya chuma, ila bata hawawindwi kwa maganda mia kwa siku. Tangisteni ni nzito hata kuliko risasi, lakini ni ngumu sana na ghali zaidi. Kwa bunduki ya zamani iache. Tena usidanganyike na ganda linalosifiwa kuwa na punje zilizopakwa shaba au nikeli. Kama ndani ni risasi, basi ni risasi. Soma kasha mpaka uone maneno kwamba marisau hayo yameidhinishwa kwa ndege wa majini.

Umeniambia mlikula na mko salama. Kwa heshima yote kwa marehemu, hilo hatulijui, kwa sababu hakuna aliyewapima damu. Risasi haikuangushi mezani. Inakaa mifupani miongo kadhaa, na kwa mtoto inapunguza uwezo wa kujifunza na kutulia bila mtu kuona jeraha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kutoa punje kwa kidole nako hakumalizi kazi: inapopita kwenye nyama na kugonga mfupa, huacha vipande vidogo visivyoonekana. Kuna jambo linalohusu jiko letu hasa. Watafiti wa Hispania walipopika nyama ya kware yenye risasi, waliona kwamba siki huongeza risasi inayoweza kufyonzwa na mwili. Ile desturi yetu ya kulowesha nyama ya porini kwenye ndimu au siki usiku kucha inatoa shombo, lakini asidi ndiyo rafiki mkubwa wa risasi. Kama nyumbani una mke mjamzito au watoto wadogo, mimi nisingewapa kabisa nyama iliyopigwa kwa risasi, hata fezanti wa shambani ambaye sheria inaruhusu. Nyama iliyopigwa kwa chuma haina tatizo hilo. Ogopea meno tu. Pitisha sumaku ndogo juu ya nyama mbichi uone kama itanasa punje.

Usidhani ni Marekani peke yake. Uholanzi ilipiga marufuku marisau ya risasi mwaka 1993 na Denmark mwaka 1996, kwa uwindaji wote. Umoja wa Ulaya umeyakataza kwenye ardhioevu, pamoja na mita 100 kuizunguka, tangu Februari 2023. Norwei ilikataza kote mwaka 2005, kisha mwaka 2015 ikayarudisha nje ya ardhioevu. Hapo kweli siasa ilishinda, na naona walikosea. Uingereza ilijaribu hiari. Mwaka 2020 vyama vikubwa vya uwindaji viliwaomba wanachama wao waache wenyewe katika miaka mitano. Msimu uliofuata watafiti walipata punje kutoka kwa fezanti 180 waliouzwa kwa chakula, na 179 walikuwa wamepigwa kwa risasi. Ndiyo maana serikali yao ilitangaza Julai 2025 kwamba itatunga marufuku.

Na Tabora je? Baba yako alipiga kanga nchi kavu, maganda machache, katika pori pana ambamo punje zake zilitawanyika. Simlaumu hata kidogo. Hatari yake hailingani na ya bwawa linalopigwa kila asubuhi kutoka maficho yaleyale, ingawa kanga naye huparura ardhi na kumeza changarawe. Lakini mkoa wako unapakana na maji ya Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, na baadhi ya ndege wanaotua katika mabwawa yetu wametoka Ulaya na Asia. Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika mkataba wa kuwalinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya, mkataba ambao tangu mwanzo ulitaka nchi ziache marisau ya risasi kwenye ardhioevu kufikia mwaka 2000. Huko nyumbani kasha la chuma halipatikani kirahisi madukani, na hilo ndilo la kudai, kwa sababu huwezi kumkataza mtu risasi bila kumpa cha kuwindia.

Mimi nawahofia zaidi tumbusi. Botswana walipima damu ya tumbusi zaidi ya 500, na takriban 3 kati ya kila 10 walikuwa na risasi iliyozidi. Kiwango kilikuwa juu msimu wa uwindaji na katika maeneo ya uwindaji. Tumbusi huyo anatoweka Afrika nzima kwa sumu za kila aina, wala hazai haraka kama kanga. Huko uliko hali ya tai inafanana: utafiti wa mwaka 2022 katika majimbo 38 ulikuta karibu nusu ya tai wana dalili za sumu ya risasi ya muda mrefu, nyingi ikitokana na risasi za raifo zinazobaki kwenye matumbo ya paa yanayoachwa porini. Ukianza kuwinda paa, niandikie tena, tuzungumze risasi za raifo zilizotengenezwa kwa shaba.

Lile kasha lililobaki usilitupe kwenye takataka wala ziwani. Muulize muuza bunduki au polisi wa wilaya yako pa kulipeleka. Ukiamua kulitumia kwa fezanti kwenye shamba la mtu binafsi, soma kwanza kijitabu cha kanuni cha mwaka huu, kwa sababu mashamba ya serikali kuu yaliyotengwa kwa kuzalia bata hayaruhusu risasi hata kwa fezanti. Na kabla ya kupanda mtumbwini, geuza mifuko yote ya koti nje, pamoja na ule wa ndani ulio karibu na mshono. Ganda moja la fezanti lililosahaulika humo ndilo linalowaponza wengi askari wa wanyamapori anapowakagua.